Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Paskazia hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa mrefu, mkavu, na macho yake yalikufikia kabla ya salamu. Ukisimama mbele ya meza yake ukaanza kuuliza habari za nyumbani, za watoto na za mvua, alikuitikia zote kwa adabu, kisha akasema, "Haya, shida?" Wengi walimwona ana dharau. Mimi niliyekuwa nikiuza nyavu na kamba fremu ya pili pale Mirongo, Mwanza, nilimwona mtu anayejua bei ya dakika.

Aliijua kwa kuifanyia kazi. Ujana wake aliumalizia kwenye mashine ya teleksi ya shirika moja la pamba, mahali ambapo kila neno linalipiwa na mtu mwenye maneno mengi anaitwa mharibifu. Shirika likafa kama yalivyokufa mengine. Wakubwa waligawana magari, wadogo wakapewa mkono wa kwaheri. Paskazia akarudi kwao kisiwani, Nansio, akalima mihogo msimu mmoja, akaona yeye na jembe hawapatani, akapanda meli kurudi Mwanza kutafuta kazi ya vidole vyake.

Seif ndiye aliyempa. Seif alikuwa amepanga fremu kwangu, anachapa, anatoa fotokopi, anapokea faksi. Mwaka tisini na nane akaongeza barua pepe, na ofisi za namna hiyo Mwanza zilikuwa za kutafuta. Anwani ilikuwa moja tu, ya ofisi. Humo humo ziliingia barua za padri, za muuza mabondo ya samaki, za mama mwenye kijana India. Paskazia alizichapa, akazikunja, akaziweka kila moja kwa jina la mwenyewe. Laini nayo ilikuwa moja. Simu, faksi na kompyuta vilipokezana waya ule ule, na kompyuta ikiwa inavuta barua, anayepiga simu kutoka popote duniani alisikia mlio wa laini inayotumika.

Basi yakaja mambo ya kundi.

Vijana wa Nansio waliokuwa nchi za nje walianzisha umoja wao, umoja wa kompyuta. Mmoja akiandika neno, linawafikia wote kwa mpigo. Na kwa kuwa wazazi wao hawakuwa na kompyuta, waliiandikisha anwani ya ofisi ya Seif kuwa mwanachama kama wao. Tangu siku hiyo, aliyenunua koti Uingereza, Paskazia alijulishwa. Aliyeota amekaa gatini Nansio anakula sato, Paskazia alijulishwa. Mmoja akiandika "Amkeni wana-Nansio", wenzake wote walijibu "Tumeamka", na kila tumeamka ilishuka kwenye laini ya Seif kwa dakika za kulipia. Nilimsikia Paskazia kupitia ukutani akiiambia mashine, "Sasa si mkaoge, kama mmeamka?"

Mwingine angeacha takataka zile zirundikane. Yeye alizifanyia utaratibu. Kila asubuhi alivuta barua zote, akazisoma, akafyeka salamu na mizaha, akabakiza kilicho na maana. Mwisho wa wiki alichapa karatasi moja, mbele na nyuma: jina la kila mtoto aliye nje, na chini yake mstari mmoja au miwili. Fulani amehama mji, kazi ile ile. Fulani amefaulu mtihani. Fulani anaumwa jino, amekwenda hospitali. Jumatatu karatasi ilipanda meli, ikabandikwa kwenye banda la samaki pale gati la Nansio, na mwenye kujua kusoma akawasomea wasiojua. Wale wa nje walilalamika kwamba anawapunguzia maneno. Aliwajibu kwa kifupi kwamba anayetaka maneno yake yafike yote na aje nayo.

Kitu kimoja hakukibandika kamwe, nacho ni msiba. Kwetu kifo hakiachwi ukutani kama tangazo la mnada. Kinabebwa na mtu. Anaanza kwa mzee wa ukoo, mzee anaita wanawake wawili watatu, wanaingia ndani, wanakaa ubavuni kwa mama, ndipo neno linatoka. Kwa hiyo habari ya kifo ikiingia kwenye kompyuta, Paskazia aliliacha jina la marehemu lisitokee kabisa kwenye karatasi ya wiki ile, kisha akapanda meli mwenyewe kwenda kwa wazee. Ilitokea kwa binti mmoja muuguzi, ikatokea tena kwa dereva aliyefia Botswana. Lilikuwa jambo la adabu. Lakini watu wa Nansio si wajinga. Baada ya mara ya pili walishajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba jina lisipoonekana kwenye karatasi, kuna mkeka unatandikwa mahali.

Sasa nikueleze juu ya Tereza, maana yote yaliangukia kwake.

Tereza ni mjane. Nyumba yake imesimama kwenye kiwanja alichoacha mumewe, karibu na gati kiasi kwamba meli ikipiga honi vikombe vinatikisika. Zamani palikuwa pa kuanikia dagaa na hakuna aliyepatamani. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa huku Mwanza, na mawakala wa sangara wakaanza kusaka kila kisiwa, kila wakala akataka pa kuweka mizani na makasha ya barafu karibu na maji. Ghafla Tereza akawa na mashemeji wengi. Aliyezidi wote ni Mayala, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye alikwisha kunywa chai na wakala mmoja mara kadhaa. Lakini ukoo ulikuwa umekiandika kiwanja kwa mtoto pekee wa Tereza, Luhende, naye Luhende alikuwa Norwei anasomea mambo ya samaki. Aliombwa kwa barua, akakataa kwa barua. Mama yangu anakaa pale, aliandika, na mizani ikatafute pengine. Kwa maneno mengine, Luhende akiwa hai, Tereza ana nyumba. Luhende akifa, mgawaji ni Mayala.

Na Luhende hakukosa wiki. Alikuwa mwandishi wa kuchosha, Paskazia alimfyeka kila Ijumaa, lakini mstari wake ulikuwepo daima.

Mwezi wa tisa wa mwaka tisini na tisa, wasomi wale wa kundi wakagombania uenyekiti. Umoja usio na ofisi wala kiti, wakagombania kiti. Mmoja alimwita mwenzake mla rushwa, mwenzake akajibu kwa kurasa, na kila mmoja aliona lazima aonyeshe yuko upande gani. Sanduku la barua likafurika matusi ya Kiswahili sanifu. Wafanyabiashara walikaa wakisubiri bei za Nairobi zilizokwama nyuma ya matusi hayo. Siku moja Paskazia alikwenda kliniki na mgongo wake, Seif akakaa kwenye kompyuta mwenyewe, akaangalia, akasema watu hawa wanatukanana kwa hela yangu, akafuta kila kitu kilichotoka kwenye kundi. Chini ya lundo lile ilikuwamo barua ya Luhende kwa mama yake, ambayo kwa uvivu wake aliipitishia kundini kama kawaida.

Paskazia aliporudi alichapa karatasi kwa yale aliyokuwa nayo. Jina la Luhende halikuwa na neno la kuweka chini yake. Angeweza kuandika kwamba hajaandika. Aliona nafasi imebana, akaliruka.

Mimi nilizipata habari kwa njia ya kamba. Alhamisi asubuhi aliingia mteja wangu Ngosha, mvuvi wa Nansio, ameshuka melini, anataka kamba ya manila ya kufungia turubai. Nikamuuliza turubai la nini, akasema la msibani kwa mama Tereza. Nikaacha kupima kamba.

Nilimshika mkono nikampeleka kwa Paskazia. Ngosha alipomwona alivua kofia, akampa pole.

"Pole ya nini?" Paskazia akauliza.

"Ya Luhende, dada."

"Nani kakwambia Luhende amekufa?"

Ngosha akamtazama kama mtu anayetaniwa vibaya. "Si wewe? Jina lake umeliacha. Mzee Mayala kasoma karatasi yote pale bandani, mbele na nyuma, akaweka mikono kichwani akalia. Watu wote wakalia. Mama amelazwa chini tangu juzi. Wazee wa ukoo wanakaa Jumamosi."

"Wanakaa kwa lipi?"

"Kugawa."

Nimemwona Paskazia akikasirika mara nyingi, na kwa kawaida hasira zake zilikuwa na makelele. Siku hiyo sauti yake ilishuka. Aligeuka akamuuliza Seif barua ya Luhende ya wiki iliyopita iko wapi. Seif akauliza Luhende ndiye yupi. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya bali mtu wa kutaka hesabu zake zikae sawa, akakumbuka, akasema mambo mawili, la pili baya kuliko la kwanza. La kwanza, kwamba alifuta. La pili, kwamba Mayala alifika pale ofisini jana, Paskazia akiwa posta, akiwa amefunga kitambaa cheusi mkononi, akatuma tangazo kwa kundi zima kwamba Luhende hatunaye tena. Seif alilituma. Alimpa pole na kumpunguzia bei.

"Ukamtumia mtu tangazo la kifo kwa watu wa dunia nzima," Paskazia alisema, "na huyo marehemu yuko huko huko kwenye dunia, hukumuuliza nani kamzika?"

"Mimi ninachapa, dada Paskazia. Sizuii."

Ndipo tukaona foleni. Nilidhani ni watu wa fotokopi. Walikuwa ndugu na marafiki wa Nansio wanaoishi hapa mjini, wamekuja kuchukua rambirambi. Maana kundi liliposikia Luhende amekufa lilisahau uenyekiti, likaanza kulia. Kila mmoja aliandika pole, kila mmoja akampa pole aliyetoa pole, na wote wakaipelekea anwani ya ofisi "ili mama afikishiwe". Seif alizivuta mwenyewe tangu jana na alfajiri hiyo, Paskazia hayupo, akazichapa na kuziuza kwa ukurasa. Mtu mmoja alikuwa ameshika saba. Moja ilisema marehemu alikuwa nguzo. Nyingine ilikuwa imeandikwa na yule aliyemwita Luhende mbwa wiki iliyopita.

Kama Luhende yu hai, na yeye yumo kundini, basi alikuwa anasoma msiba wake, na lazima alikwisha andika kuukana. Barua yake ilikuwa mle ndani ya sanduku, mkiani mwa rambirambi. Paskazia akaiwasha mashine aivute. Zikaja pole tano, sita, kisha mashine ikanyamaza, ikaganda. Alisubiri. Laini ikakatika. Akapiga tena, na mashine, kama ilivyo desturi yake laini ikikatika kabla ya kumaliza, ikaanza upya tangu pole ya kwanza. Ikafika pale pale, ikaganda tena. Mara ya tatu akaona kilichoziba njia. Katibu wa kundi, aliyekuwa Amerika, alikuwa ametuma picha ya maua. Shada zima, la rangi, kubwa kuliko barua zote za mwaka ule zikiwekwa pamoja. Laini yetu isingeweza kulimeza hilo hata kwa wiki. Nyuma ya maua yale alikaa mtu aliye hai, hana pa kupita.

"Maua," Paskazia alisema. "Nansio nani anazikwa na maua?"

Nilimwambia apige simu Norwei. Hatukuwa na namba. Basi Luhende apige yeye. Namba ya ofisi iliandikwa chini ya kila barua iliyotoka pale. Paskazia akanitazama kama mjinga, kisha akajitazama yeye mwenyewe vile vile, akaona tulichokiona sote kwa wakati mmoja. Huenda kijana alikuwa anapiga tangu jana. Tangu jana laini ilikuwa inavuta pole.

Barua za kutoka hazingoji foleni ya zinazoingia. Ukifungua laini zinatangulia zenyewe. Hilo ndilo lilikuwa tundu lake pekee. Aliandika: Luhende, kama u hai usiandike tena. Piga simu ofisini kesho Ijumaa saa sita mchana saa zetu. Mama yako atakuwepo. Akaituma, akaona imetoka, na kabla mashine haijaanza kuvuta maua, aliuchomoa waya, akauchomeka kwenye simu.

Seif akasimama. Alisema watu wako foleni. Alisema wamekwisha toa hela. Alisema kesho Ijumaa ni siku ya mauzo, na laini ni yake, bili ni yake, hawezi kuikalisha bure siku nzima kwa sababu ya simu ambayo haijulikani kama itapigwa. Kwa upande wake alisema kweli. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Ila sikuwa yeye.

Nikamwambia, "Laini ni yako, Seif. Ukuta ni wangu. Waya unapita kwenye ukuta wangu."

"Mama Winnie, hiyo ni dhuluma."

"Dhuluma ni kuuza rambirambi za mtu ambaye hujaliona jeneza lake. Kodi ya fremu mwezi ujao tulisema itapanda. Laini ikae kimya mpaka kesho jioni, haipandi. Ikilia mlio wa kompyuta hata mara moja, inapanda mara mbili."

Alifikiri muda mfupi tu. Akaenda mlangoni kuwaambia watu mashine imeharibika.

Jioni ile Paskazia alipanda meli kumfuata Tereza. Yaliyotokea Nansio alinisimulia baadaye, akiyatema moja moja.

Alikuta turubai limefungwa kwa kamba yangu, ile aliyotangulia nayo Ngosha mchana. Alikuta moto, wanaume wamelala nje, sufuria za msibani. Alipita kati yao akaingia ndani, akawakuta wanawake wamemzunguka Tereza, akachuchumaa, akamwamkia, akamwambia kwamba hakuna barua yoyote ya kifo iliyoingia, kwamba jina liliachwa kwa makosa ya ofisini, kwamba afuatane naye alfajiri Mwanza akapokee simu. Mayala akaingia kutoka nje, ameshainama kwa huzuni tayari.

Mayala hakubisha kwa ubaya. Alibisha kwa mila, ambayo ndiyo silaha ya mtu mwenye njaa na haya. Alisema mama mfiwa haondoki mkekani kabla ya tanga kuanuliwa. Alisema mama mfiwa havuki maji. Alisema binti huyu ametuhangaisha mara mbili kwa misiba ya kweli, sasa anataka kumtesa shemeji yangu kwa matumaini. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja alisema simu isubiri mpaka Jumatatu, kikao kiishe kwanza.

Paskazia aliniambia alitaka kumpiga kwa sufuria. Tereza ndiye aliyemwokoa. Aliinuka taratibu, akajifunga kanga upya, akasema, "Kama amekufa, nitamlilia Mwanza, maji ni yale yale. Kama yu hai, nimekalia mkeka wa nani?"

Mayala akasema basi lazima amsindikize, kwa kuwa ni mwanamke na amefiwa. Paskazia akasema vizuri sana, njoo.

Mimi Ijumaa nilifungua duka nikamwachia msaidizi, nikakaa mbele ya simu ya Seif. Ililia mapema. Mtu alitaka kujua kama tunauza saruji. Ikalia tena, mwanamke anamtafuta Muharami, nikamwambia hapa hakuna Muharami, akasema mwambie nimejua yuko wapi. Seif alizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Watu wa rambirambi walirudi, wakaambiwa mashine bado, wakakaa barazani, wakaanza kusomeana zile za jana.

Meli ilichelewa. Saa tano na nusu waliingia: Paskazia mbele, Tereza katikati, kichwa kimefungwa kitambaa, macho yamevimba, na Mayala nyuma amevaa koti la msiba. Niliwapa viti. Tereza nilimwamkia, akaitikia "marahaba" ya mtu ambaye hajala. Watu wa barazani walipomwona wakaanza kusimama kumpa pole, Paskazia akawafungia mlango.

Saa sita ikafika, ikapita. Mayala akakohoa. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba tusimchoshe mama, meli ya kurudi ina saa zake. Paskazia alikuwa ameweka mkono juu ya simu kama mtu anayemzuia mbuzi asiondoke.

Ilipolia nilishtuka mimi mwenyewe. Paskazia akainua mkonga, akasikiliza, akasema neno moja, "Ngoja," akampa Tereza.

Tereza hakulia. Aliushika kwa mikono miwili akauliza, "Ni nani?" Akasikiliza. Uso wake ukawa kama wa mtu anayesomewa kesi. Kisha akaanza kufoka. Alimuuliza Luhende ni mtoto gani anayemwandikia mama yake kwa kupitia kwa watu wote wa dunia. Alimuuliza kama mkono wake umekufa ganzi asiweze kuandika bahasha. Alimwambia amelala chini kwa ajili yake, ng'ombe wake wa mwisho amechinjwa na kuliwa na watu ambao hawakuwahi kumwazima hata chumvi, na kwamba siku akifa kweli hamlilii tena, ameshamaliza. Tulisikia sauti ya kijana ndogo kwenye mkonga, inaomba, inaomba.

Mayala akanong'ona kwamba siku hizi sauti inaweza kuwa ya yeyote, huko nje kuna vijana wengi.

Tereza akamgeukia. "Mtoto nimemzaa mimi. Wewe ndiye wa kuniambia sauti yake?" Akamnyooshea mkonga. "Shika. Mwambie mwenyewe kwamba amekufa."

Mayala alishika. Hatukusikia yaliyosemwa upande wa pili, tulisikia ya upande wetu tu. "Ndiyo, baba... Hapana, baba... Ni karatasi, baba, karatasi ndiyo ilisema... Hakuna aliyegawa, baba, tulikuwa tunakaa tu." Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Alipourudisha mkonga, Tereza alimwambia ashuke bandarini sasa hivi, apande meli, afike kabla yake, awaambie watu wainuke.

"Nitawaambia nini, shemeji?"

"Sauti unayo. Si ulilia nayo?"

Akaenda. Koti lake alilikunja mkononi, ingawa hapakuwa na joto la kulivua.

Sikutegemea Tereza amshukuru Paskazia, na hakumshukuru. Alimwambia, "Na wewe. Ungeandika tu kwamba hajaandika." Paskazia akasema, "Ndiyo, mama." Sijawahi kumsikia akilisema hilo kwa mtu mwingine.

Kisha akachukua simu mwenyewe. Luhende alianza shukrani, akamkatiza. Alimuuliza amepiga mara ngapi. Alijibiwa kwamba amepiga siku nzima na usiku, laini inatumika. Alimuuliza yule wa maua anaitwa nani. Kijana akataja. Paskazia akasema asante, akakata, akachukua kiti chake, akaurudisha waya kwenye kompyuta kwa dakika chache, kwa ruhusa yangu, si ya Seif. Alichokituma kwa kundi zima ninacho, nilimwomba nakala:

"Wana-Nansio. Luhende yu hai, mama yake hana ng'ombe. Anwani hii siyo ndugu yenu, iondoeni kwenye kundi leo. Kuanzia sasa barua itakayopokelewa hapa ni yenye jina la mtu mmoja, kwenda kwa mtu mmoja. Ugomvi wenu hatuutaki, kuamka kwenu hatukuhitaji. Mwenye habari amwandikie mama yake. Mwenye rambirambi aje achimbe kaburi."

Sanduku lilipofunguka, walijibu wengi, na kwa hasira. Mwenyekiti, au aliyedhani ni mwenyekiti, alisema wasomi wametukanwa na karani. Mwingine alisema hilo ndilo tatizo la nchi yetu, watu hawataki maendeleo. Majibu hayo Paskazia hakuyachapa. Na sanduku lilifunguka kwa sababu Ijumaa ile ile alimpigia fundi wa kampuni iliyotutunzia barua pepe, akamwambia afute sanduku zima huko huko liliko, maua na mengine yote. Wafanyabiashara tulipoteza barua zetu za wiki ile, na mimi bei yangu ya nyuzi kutoka Nairobi ilikwenda na maji. Nilimgombeza kwa hilo. Akanijibu kwamba wa Nairobi ataandika tena, bado anataka hela yangu.

Seif alimnunia mpaka Jumatatu. Jumatatu, meli ya Nansio ilipofika, waliingia mama kumi na zaidi, wengine na mikeka, wakakaa barazani mpaka kwenye mlango wa duka langu. Hawakutaka karatasi. Walitaka Paskazia awaandikie watoto wao wapige simu, wao watangoja. Seif aliwatazama, akatazama simu, nikamwona anapiga hesabu ya bei ya kungojea. Mchana alikwenda kuomba laini ya pili. Mimi nilitoa mabenchi mawili, nikaanza kuuza chai.